Joseph Cardijn na pumzi ya mfanyakazi



Ukitoka Altitude Cent hapa Forest ukateremka kuelekea Saint-Gilles, utapita penye ukuta mrefu na lango lenye minara kama ngome ya hadithini. Watoto wadogo hudhani ni kasri la mfalme. Wakubwa wanajua kwamba ni gereza la Saint-Gilles, lililofunguliwa mwaka 1884, jirani kabisa na lililokuwa gereza la Forest. Katika kiangazi cha mwaka 1942, Wajerumani walipokuwa wameikalia Ubelgiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, padre mmoja mwenye umri wa miaka 59 alifungiwa humo. Alikuwa mtu asiyejua kukaa kitako. Jina lake Joseph Cardijn.

Nakusimulia habari zake wiki hii kwa sababu maisha yake yote yalizunguka swali ambalo nadhani liko mezani kwenu nyumbani pia: mtu anayefanya kazi anapumzika lini, na ruhusa hiyo anapewa na nani?

Cardijn alizaliwa Schaerbeek, hapa hapa Brussels, tarehe 13 Novemba 1882. Wazazi wake, Henri na Louise, walikuwa watu wa kazi za mikono. Baadaye familia ilihamia Halle. Ukipanda treni pale stesheni ya Forest-Midi, dakika chache tu unafika. Huko Halle baba yake alifanya biashara ya makaa ya mawe. Wewe leo ukisikia baridi unazungusha kitufe na nyumba inapata moto. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na jiko la makaa, na kila gunia la makaa lilipaswa kubebwa na mtu. Bei ya makaa ilikuwa ndogo na uzito wake mkubwa, na mbebaji alirudi nyumbani jioni akiwa mweusi kuanzia paji la uso hadi viganja.

Watoto wa mtaani kwake walikwenda kiwandani mapema. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1889 ilikataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 12, lakini mvulana akishafika umri huo aliweza kufanyishwa kazi hata saa 12 kwa siku. Nakuomba usome tena hiyo namba. Kama uko darasa la sita au la kwanza la sekondari, basi ni wewe ninayekuzungumzia.

Joseph alipomaliza shule ya msingi ilieleweka kwamba zamu yake imefika. Usiku mmoja, wadogo zake wakiwa wamelala, alishuka ngazi bila viatu hadi jikoni, akawakuta wazazi wake wamekaa karibu na jiko. Akawaomba wamwache aendelee na shule, kwa maana alitaka kuwa padre. Baba yake hakuwa kijana tena, na kwa miaka mingi alikuwa amengoja mkono wa kumsaidia. Wazazi walitazamana. Wakakubali, ijapokuwa walijua kwamba kukubali kwao maana yake ni kuendelea kubeba magunia.

Akaingia seminari ndogo ya Mechelen mwaka 1897. Aliporudi likizo, aliwakuta rafiki zake wa zamani wamebadilika. Walikuwa wamechoka, wamekuwa wagumu, na kanisani hawaonekani tena. Wakamtazama kama mtu aliyevuka kwenda upande wa wakubwa. Jambo hili lilimuuma maisha yake yote. Alikuwa amecheza nao, amekaa nao darasa moja, na kilichowatenganisha kilikuwa ni yeye kupewa muda na wao kunyimwa.

Halafu mwaka 1903 alipata habari kwamba baba yake yu mahututi. Akakimbilia Halle. Henri Cardijn alifariki akiwa mtu aliyemalizwa na kazi, na mwanawe, akiwa kando ya kitanda, aliweka nadhiri kwamba uhai wake wote atautoa kwa ajili ya wafanyakazi.

Waswahili tuna msemo: afe punda, mzigo ufike. Kwa kawaida tunausema kwa utani, tukiwa na haraka. Mimi tangu nisome habari za Henri Cardijn siusemi tena kwa wepesi. Mzigo ulifika kweli, mtoto akasoma.

Miaka miwili baada ya kifo hicho, tarehe 17 Julai 1905, Ubelgiji ilipitisha sheria ya mapumziko ya Jumapili. Ilikuwa hatua kubwa kwa mfanyakazi wa Halle au wa hapa Forest. Lakini sisi tuliotoka Afrika, na hasa familia zetu za Kongo, hatuwezi kuusoma mwaka huo bila kusimama kidogo. Mwaka huo huo wa 1905 ilitolewa ripoti ya tume iliyokuwa imetumwa Kongo, nchi ambayo wakati ule ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II. Ripoti ilieleza jinsi wanakijiji walivyolazimishwa kwenda msituni siku nyingi kila mwezi kutafuta mpira, wakiacha mashamba yao na nyumba zao. Jumapili iliyotolewa Brussels haikuvuka bahari. Tutarudi kwa huyu Leopold mwishoni.

Cardijn alipewa upadre mwaka 1906. Akasoma Leuven, kisha akafundisha seminari ya Basse-Wavre. Likizo zake, badala ya kulala, alizitumia kusafiri nchi za jirani, pamoja na Uingereza, kuangalia vyama vya wafanyakazi vinavyoendeshwa. (Mwaniona nacheka. Mtu wa mapumziko ambaye mwenyewe hapumziki! Wazazi wengi mtamwelewa.)

Mwaka 1912 alitumwa Laeken kuwa paroko msaidizi, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kweli. Alianza na wasichana washonaji. Laeken na Brussels yote zilikuwa na mabinti wa umri wa miaka 13, 14, 15, waliokaa wakiwa wameinamisha shingo juu ya sindano tangu asubuhi hadi taa zikawashwa. Nguo walizoshona zilivaliwa na mabibi wa mjini, na wao wenyewe hawakuwa na koti la maana. Akisaidiana na Madeleine De Roo, Cardijn aliwakusanya katika vikundi vidogo vidogo.

Mapadre wengi wangeanza kwa mahubiri. Yeye alianza kwa maswali. Unaamka saa ngapi? Unafika kazini kwa njia gani? Unakula wapi mchana, na unapewa dakika ngapi? Jioni ukitoka una nguvu ya kufanya nini? Aliwataka wakaangalie, wahesabu, waandike, warudi. Halafu wakae pamoja, wafungue Injili na kujiuliza kama hivi ndivyo Mungu alivyotaka mtoto wake aishi. Kisha waamue kitu kimoja, hata kama ni kidogo, watakachokifanya wiki hiyo.

Mzazi uliyelelewa katika Jumuiya Ndogo Ndogo, iwe Moshi, Kisumu au Bukavu, hapo umeshaitambua njia hiyo: tazama, amua, tenda. Wengi tunadhani ilizaliwa kwetu, lakini imetoka kwa washonaji wa Laeken. Papa Yohane XXIII aliiingiza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, na maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo, ikawa ndiyo njia ya watu wengi kusoma Neno wakiwa wamekaa mkekani au kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe.

Vita vya Kwanza vikaja. Mwaka 1916 Wajerumani walianza kuwachukua wafanyakazi wa Ubelgiji kwa nguvu na kuwapeleka kufanya kazi Ujerumani. Cardijn hakunyamaza, akakamatwa mwezi Desemba. Mwaka 1918 akakamatwa mara ya pili. Hebu fikiri: mtu ambaye hata likizo alishindwa kuikaa, sasa yuko chumba kimoja, hana mkutano wa kuongoza, hana barua ya kujibu, hana mtu wa kumtetea. Akasoma Biblia. Akasoma pia Karl Marx, maana alitaka kuelewa kile walichokuwa wakisoma wafanyakazi walioliacha Kanisa. Na akaanza kuandika, polepole, mpango wa chama ambacho vijana wafanyakazi wangekiongoza wenyewe.

Mimi naona hapo pana fumbo la kweli. Mpango mkubwa wa maisha yake haukupatikana siku alizokimbia kutoka mkutano hadi mkutano. Ulipatikana siku alizonyang'anywa kazi zote. Sisemi gereza ni zuri. Alitoka afya yake ikiwa imedhoofika. Nasema tu kwamba wakati Cardijn alipokuwa hawezi kufanya lolote, Mungu hakuwa amesimama.

Baada ya vita vijana watatu walishika kazi pamoja naye: Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert. Wakaunda chama ambacho kwa Kifaransa kinafupishwa JOC, yaani Vijana Wafanyakazi Wakristo. Si wote waliofurahi. Wakubwa wa Kanisa walikuwa na wasiwasi: kwa nini wafanyakazi wawe na chama chao peke yao, wasichanganyike na vijana wengine? Mwaka 1925 Cardijn alifunga safari hadi Roma, akamweleza Papa Pius XI mwenyewe, na Papa akambariki. Mwezi Aprili mwaka huo chama kikafanya mkutano wake mkuu wa kwanza hapa Brussels. Miaka kumi baadaye, mwaka 1935, vijana wapatao 100,000 walikusanyika Heysel. Wasichana wa viwanda vya nguo, wavulana wa migodini, wapishi, wahudumu, wote ambao siku za kawaida hakuna aliyewauliza jambo.

Vijana hao walikuwa na sala fupi ya asubuhi ya kumtolea Yesu kazi ya siku nzima. Hapa ndipo wengi humwelewa Cardijn nusu tu. Wengine wanasema alikuwa mtu wa haki za wafanyakazi, wengine wanasema alikuwa mtu wa sala. Kwake vitu hivyo havikutengana. Kama kazi ya mikono inaweza kupandishwa mbele za Mungu asubuhi, basi mikono yenyewe ni mitakatifu, na huwezi kuitumia kama koleo mpaka ivunjike. Na kama Mungu ndiye anayeipokea kazi, basi jioni unaweza kuiacha pale ilipofika.

Mwaka 1936 ulitokea mgomo mkubwa Ubelgiji nzima, na tarehe 8 Julai ikapita sheria ya likizo yenye malipo: angalau siku 6 kwa mwaka. Leo siku 6 zinaonekana chache. Lakini wako watu waliokwenda kuiona bahari Ostend kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, ingawa wameishi maisha yao yote kwa safari ya treni ya saa chache tu kutoka pwani.

Sasa niseme na wazazi kidogo. Watoto mnaweza kusikiliza.

Tunaojua, tunajua. Wako kati yetu wanaosafisha ofisi kabla jua halijachomoza, wanaohudumia wazee usiku, wanaopeleka chakula kwa baiskeli kwenye mvua. Jumapili ni siku yenye malipo ya ziada, na nyumbani kuna ada ya shule ya mtoto wa dada, kuna dawa za mama, kuna paa. Simu ikiita kutoka Goma au Tanga, huwezi kusema umepumzika. Nami nilikuwa hivyo miaka kadhaa. Nilichukua kila zamu niliyopewa, na nilijiambia kwamba ninafanya kwa ajili ya watoto, mpaka siku mwanangu alipochora picha ya familia na mimi nimo, nimelala kwenye kiti nikiwa na viatu. Alinichora vizuri tu, hakuwa na nia ya kunisema.

Nilikuwa nikiomba kila siku, lakini nikitazama nyuma naona kwamba sikuwa namwamini Mungu kwa mambo ya Jumatatu. Nilimwachia mbingu, nikajibebesha riziki mwenyewe. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli wanaokota mana jangwani. Anayebakiza hadi asubuhi, chake kinaoza na kutoa mabuu. Siku ya sita tu ndiyo wanaokota mara mbili, na siku ya saba wanakaa, na kile kilichobaki hakiozi. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utotoni kama habari ya chakula. Ni habari ya watu waliotoka utumwani, ambao hawajui kukaa bila kazi, na Mungu anawafundisha taratibu kwamba hawatakufa wakikaa siku moja.

Tazama pia lugha yetu. Kupumzika kumetoka katika pumzi: aliyepumzika amerudishiwa pumzi yake. Na hesabu zetu za siku, ulishawahi kujiuliza? Jumamosi ni mosi, siku ya kwanza. Jumapili ni ya pili. Jumatatu, ambayo hapa Ulaya wanaianzia wiki, kwetu ni ya tatu. Hesabu hiyo waliipanga wazee wa pwani, Waislamu, wakihesabu baada ya Ijumaa yao. Hawakuwa wakifikiria Wakristo wa Brussels. Lakini kwa mtoto wa shule yetu inakuja vizuri sana: wiki ya Kiswahili inaanza kwa siku mbili za kukaa pamoja, na kazi inafuata.

Ila tusichanganye mapumziko na kukosa kazi. Mwezi Februari 2025 kiwanda cha Audi hapa Forest kilifungwa, na watu wapatao 3,000 waliobaki bila ajira hawakuwa wamepumzika. Cardijn aliijua tofauti hiyo. Katika miaka ya 1930, ajira zilipokauka, chama chake kilijishughulisha na vijana wasio na kazi vile vile kama waliochoshwa nayo, kwa sababu wote wawili wameambiwa kitu kimoja: kwamba thamani yako ni kile unachozalisha.

Turudi gerezani. Kukamatwa kwake mwaka 1942 hakukuwa kwa bahati mbaya. Wanazi hawakupenda chama kinachowafundisha vijana kutazama na kuamua wenyewe. Cardijn alitolewa mwezi Septemba, lakini rafiki zake wawili hawakuwa na bahati hiyo. Tonnet na Garcet, wale vijana wa mwanzo, walikufa katika kambi ya Dachau mwanzoni mwa mwaka 1945, miezi michache tu kabla vita havijaisha. Nawataja kwa sababu tukimsifu kiongozi huwa tunawasahau waliobeba naye.

Baada ya vita alisafiri dunia nzima, Afrika, Asia, Amerika, mzee asiyetulia mwenye sauti ya kupasua madirisha. Mwaka 1957 vijana zaidi ya 30,000 kutoka nchi nyingi walikwenda pamoja naye Roma. Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimfanya kadinali. Alifariki Leuven tarehe 24 Julai 1967, akiwa na miaka 84. Mwaka 2014 jimbo la Mechelen-Brussels lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Hakuzikwa na wakubwa wa Kanisa pale Mechelen. Alizikwa Laeken, katika kanisa la Mama Yetu, parokia ile ya washonaji. Na hapo ndipo Leopold anaporudi, maana chini ya kanisa hilo hilo kuna makaburi ya wafalme wa Ubelgiji, na Leopold II yumo. Mfalme aliyewanyima watu wa Kongo hata siku ya kulima mashamba yao, na mwana wa mbeba makaa aliyewauliza mabinti wanakula mchana dakika ngapi, wamelala chini ya paa moja. Mkienda huko na wazazi, msikimbilie upande wa wafalme kwanza.

Kazi ya nyumbani ni ya njia yake mwenyewe. Wiki hii tazama mtu mmojawapo nyumbani kwenu. Andika anaamka saa ngapi, anarudi saa ngapi, na siku gani umemwona amekaa bila viatu vya kazi. Usimwambie kwamba unaandika. Mistari mitano kwa Kiswahili inatosha. Tutaisoma pamoja Jumamosi.